Karatasi ya Papa Honoré

Likasi, Jumapili, mwezi wa pili. Mvua imeanza wakati wa misa na hadi sasa, alasiri, haijachoka. Avenue yetu hapa Shituru imegeuka mto wa matope mekundu. Umeme hakuna. Simu imebaki na chaji kidogo na mimi naandika mbio mbio kabla haijazima.

Moyo wangu ni mbaya leo. Nalisema mapema ili wale waliozoea kuja kwenye ukurasa huu kuchukua mchezo wa kuchezesha vijana wao wajue: leo hakuna mchezo. Leo kuna mimi tu.

Siku kumi na tano sijaandika kitu. Wengine mmeniuliza: Madame Odile, ule mchezo wa kilio ulikwendaje? Picha ziko wapi? Sikuwajibu. Nililiogopa swali hilo kama mtoto anavyoogopa fimbo.

Ulikwenda vibaya. Na mimi nimedanganya.

Bon. Nianze pa kuanzia, maana kuna wageni pia.

Mimi ni mwalimu wa Kifaransa. Mchana nafundisha watoto vitenzi, na siku za mapumziko, kwa miaka minne sasa, natunga michezo ya kuvaa mtu. Ndivyo tunavyoiita hapa kwetu. Haina jukwaa, haina watazamaji, na hakuna anayekariri maneno mengi. Kila mchezaji nampa karatasi moja: leo jina lako ni nani, unataka nini, unaficha nini. Nagonga kengele, na kuanzia hapo mpaka kengele ya pili wewe si wewe tena, ni yule wa kwenye karatasi. Unatembea, unakula, unagombana kama yeye. Nilijifunza Lubumbashi, kwenye mafunzo ya wiki moja, na nilirudi huku kama mtu aliyeokoka.

Tumecheza mchezo wa bomba la maji lililokauka. Tumecheza kikao cha mahari ambamo bibi harusi peke yake ndiye aliyejua kwamba bwana harusi ana mke mwingine Kolwezi. Mama mmoja wa kanisa la uamsho, mtu wa kufunga na kuomba, alivaa mlevi akatuchekesha mpaka tukashika mbavu, na kengele ilipolia akaniambia, "Madame, minye sikujua kama niko na ule muntu mu roho." Maneno ya namna hiyo yalinivimbisha kichwa. Watu wakaanza kuniita mtungaji, na mimi nikaanza kutembea kama mtungaji.

Mchezo wa kilio ulikuwa mkubwa kuliko yote. Mkuu wa shimo moja la madini huko Kamatanda amefukiwa, yeye na kijana mmoja wa timu yake. Kwenye kilio wanakusanyika wote: ndugu wa marehemu wanaolitaka shimo, mjane anayeficha hati za nyumba chini ya mkeka, mnunuzi wa madini anayejifanya rafiki wa familia. Katikati ya vurugu hizo anaingia mama wa yule kijana, ambaye hajaambiwa kitu. Mchimbaji mmoja aliyetoka shimoni akiwa hai ndiye mwenye kazi ya kumwambia.

Mchimbaji huyo nilimpa Papa Honoré.

Papa Honoré ni soudeur. Anachomelea milango na madirisha ya chuma, karakana yake iko avenue ya nyuma yetu. Ni mtu mkimya, mikono mikubwa, na hana shati ambalo cheche hazijalitoboa. Shule aliacha darasa la tano. Kusoma anasoma, ila polepole, midomo ikitembea, na akiona mtu anamtazama anaikunja karatasi na kusema amesahau miwani nyumbani. Hana miwani. Wote tunajua na hakuna anayesema. Kwa hiyo mimi humwandikia kwa herufi kubwa na maneno machache, na yeye huipokea karatasi kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea mtoto.

Maneno ya kumwambia yule mama niliyaandika mimi, neno kwa neno: "Mama, ikala kwanza. Shimo imejifunga. Tuliita, hakuitika."

Sikuyatunga. Niliyasikia nikiwa na miaka tisa, nimejibanza nyuma ya mlango wa jikoni, siku wachimbaji wenzake na baba yangu walipokuja kumwambia mama. Miaka yote hii sikuwahi kumsimulia mtu. Nilipokuwa natafuta maneno ya Papa Honoré yakatoka yenyewe, yamekamilika. Na nilifurahi, jamani. Nilijiambia haya ndiyo maneno ya kweli, hapa hakuna atakayecheka.

Mnaona nilivyokuwa.

Nilitaka kila kitu kiwe cha kweli. Turubai, viti vya plastiki vya parokia, mikeka ya kina mama, mbabula mbili za makala, yaani majiko ya mkaa, kwa ajili ya wanaume. Na matawi. Huku kwetu, penye kilio, vijana hukata matawi mabichi wakayalaza barabarani kwenye kona ya kuingilia, ili magari yapunguze mwendo na wapita njia wajue kuna msiba. Ukikuta matawi kwenye kona ya avenue yenu, magoti yanajua kabla ya kichwa. Mwenzangu mmoja wa shuleni, yule niliyempa karatasi ya mama, aliniuliza kama matawi hayazidi. Nikamjibu bila matawi si kilio, ni pikiniki. Nilijiona mjanja kwa jibu hilo.

Siku moja kabla, Ijumaa, nilizunguka nyumba kwa nyumba kuwaambia majirani: kesho ni mchezo, msishtuke, hakuna aliyekufa. Walicheka, wengine wakaahidi kuja. Nyumba ya Mama Feza nilikuta kufuli.

Mama Feza ni mjane, anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Anatoka alfajiri na masufuria yake kwenda Kakontwe, kuwauzia wavunja mawe bukari, ugali wetu, na samaki, na anarudi giza likiwa limeingia. Mtoto wake wa pekee, Dieumerci, anachimba Kamatanda. Nilisimama mbele ya lile kufuli nikajiambia: anarudi usiku, atakuta mchezo umekwisha. Nikaenda zangu. Ningeweza kurudi jioni. Ni nyumba ya tatu tu.

Jumamosi mvua ikanyesha Kakontwe, kazi ikasimama, Mama Feza akarudi mapema.

Mimi nilikuwa ndani ya ua na daftari langu. Mtungaji hachezi, anakaa pembeni na kuandika. Kona sikuiona, yaliyotokea pale nimeyaokota kwa wengine. Wanasema alishuka kwenye pikipiki, beseni la masufuria mikononi. Akaona matawi. Akasikia kina mama wanalia uani. Papa Honoré alikuwa anatoka, amejipaka vumbi nguo zote na uso wote, kama nilivyomwagiza. Akamwona mama mtu mzima amesimama kwenye matawi, haendi mbele wala harudi nyuma. Yeye alijua kitu kimoja tu: mama atakuja, hajui lolote, umwambie. Mama huyo angevaliwa na nani, hakuambiwa. Na kwenye michezo yangu jirani yeyote anaweza kuvaa mtu, huo ndio utamu wake.

Akamwendea, akamshika mkono taratibu. "Mama, ikala kwanza."

Mama Feza hakukaa. Aliyasikia yote akiwa amesimama, hata jina la nani hakuuliza. Kwa nini aulize? Kamatanda ana mtoto mmoja. Beseni likaanguka, halafu akapiga kelele.

Kelele hiyo niliisikia mimi. Kina mama wa mchezo nao waliisikia, wakainuka mikekani wakaipokea, "Mawee! Yee, mawee!", kama inavyopokelewa penye kilio, na avenue nzima ikajaa sauti. Mwili ulinisisimka. Nikadhani ni mwenzangu wa shuleni amefika hatimaye, maana alikuwa amechelewa. Nikaandika kwenye daftari: mama, vizuri sana.

Daftari hilo bado ninalo. Nimeshindwa kulichoma na nimeshindwa kulifungua.

Tuna neno la kusimamisha mchezo. Ukiumia, ukiogopa, unasema "chumvi" na kila mtu anarudi kuwa yeye. Hakuna aliyesema chumvi. Mama Feza hakulijua neno hilo, na wengine walidhani wanaona mchezaji bora kuliko wote tuliowahi kuwa nao. Alipoanguka kuna mtu alisema, "Huyu mama anaweza!" Ni Papa Honoré aliyeona mdomo wake umekwenda upande mmoja. Ni yeye aliyembeba peke yake, akakimbia naye mpaka barabara kubwa akitafuta taxi, uso wake bado una vumbi nililomwambia ajipake.

Dieumerci alifika hospitali jioni ile, mzima, na matope ya kweli miguuni. Majirani waliokuwa uani wakampisha njia bila kumsalimu.

Sasa nafika pale nisipotaka kufika.

Papa Honoré alipomwinua Mama Feza, karatasi yake ilimtoka mfukoni ikaanguka kwenye matawi. Nikaiokota. Nikaisoma palepale, watu wakikimbia huku na huku, kwa sababu nilikuwa nimekumbuka kitu. Kulikuwa na alama. Yule mama wa mchezo alipaswa kujifunga kitambaa chekundu kichwani, ili mchimbaji amtambue na asikosee. Niliiandika alama hiyo kwenye karatasi ya mama. Kwenye karatasi ya Papa Honoré nilisahau. Nikaigeuza nyuma. Hakuna. Hata neno kitambaa halimo.

Nikaikunja nikaiweka ndani ya blauzi.

Hospitali wakaniuliza. Dieumerci alikuwepo, majirani walikuwepo, chef wa avenue yetu, kiongozi wa mtaa, alikuwepo. "Ilikuwa namna gani, Madame? Nani alimutuma aseme vile?" Na mimi, mtu wa kusimama mbele ya darasa, nikajibu kwa ileile sauti ya darasani: "Kulikuwa alama. Kitambaa nyekundu. Iliandikwa. Papa Honoré hakusoma muzuri."

Alikuwa amesimama hapohapo. Aliniangalia. Halafu akaangalia mikono yake na kusema, "Inawezekana. Minye siko na masomo mingi."

Siku kumi na tano naisikia sauti hiyo. Naisikia nikisahihisha madaftari, naisikia nikisonga bukari.

Kwa nini nilisema vile? Nimejitafutia sababu nyingi. Mkuu wa shule alishanionya juu ya michezo hii; akijua kosa ni langu, darasa langu litapewa mtu mwingine. Hiyo ni kweli. Lakini sababu iliyotangulia, iliyotoka mdomoni kabla sijawaza kazi, ilikuwa kiburi. Sikutaka kuonekana mtu anayesahau. Na nikachagua mtu ambaye nilijua hatanikatalia, kwa sababu nilijua aibu yake iko wapi. Mimi ndiye niliyekuwa namwandikia herufi kubwa.

Hata hilo halikutosha. Siku mbili baadaye, Mungu anisamehe, nilikaa mezani nikaanza kurekebisha mchezo. Nikaandika: mara nyingine alama iandikwe kwenye karatasi zote. Nikaandika: matawi yapunguzwe. Kama fundi anayerekebisha meza. Mama wa watu amelala hospitali, nusu ya mwili haisikii, na mimi napanga mara nyingine.

Mama Feza alirudi nyumbani Jumatano iliyopita. Upande wa kulia haufanyi kazi. Maneno yanatoka, lakini kila neno linamchosha. Dieumerci hashuki tena shimoni, na si kwa kupenda kwake: wenzake wamemkataa. Mtu aliyeliliwa akiwa hai, wanasema, shimo limeshasikia habari zake, na timu haiwezi kushuka naye. Anakaa mlangoni kwao mchana kutwa, kijana wa miaka ishirini na minne, anamfukuzia mama yake nzi.

Mchungaji wa kanisa la jirani amehubiri kwamba mchezo wetu ulifungulia mauti mlango. Nilisikia, na mnajua nilihisi nini? Nafuu. Shetani akibeba nusu na Papa Honoré akibeba nusu, kwangu inabaki nini?

Papa Honoré wamempa jina. Papa Kilio. Mtu mmoja alikuja kuchukua geti lake likiwa nusu, halijafungwa hata bawaba, akalibeba hivyohivyo kwenye mkokoteni. Kwaya anamoimba wamemwambia apumzike kidogo. Kina mama wakipita karakana wanawavuta watoto upande wa pili. Na yeye kila jioni anakwenda kwa Mama Feza na mfuko wa unga au makala. Anautoa wapi sijui, maana kazi hana.

Niliyaona haya yote kwa macho yangu, nikasalimia, nikapita.

Juzi Ijumaa ndiyo iliyonivunja. Nilikwenda kumwona Mama Feza, na sabuni na sukari, kama jirani mwema. Eti jirani mwema! Papa Honoré alikuwa pale, amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, kofia magotini. Mama Feza akamwashiria asogee. Akamwekea kichwani mkono ule wa kushoto unaofanya kazi, na akasema, sisi tukingoja kila neno lifike: "Honoré. Siko na hasira na weye. Muntu hakusoma, atafanya nini? Nimekusamehe."

Yule mwanaume mkubwa akapiga magoti. "Aksanti, Mama," akasema. "Aksanti sana."

Alisamehewa kosa langu, mbele yangu, na akashukuru.

Nilitoka nje nikatapika nyuma ya choo chao. Sisemi hili ili mnihurumie. Nalisema kwa sababu hata baada ya kutapika nilirudi ndani, nikaaga kwa heshima, nikaenda nyumbani, na jana kutwa nzima nilikaa kimya. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilikuwa naficha maradhi na kumwachia mwingine kifo.

Leo baada ya misa sikurudi nyumbani. Karatasi ilikuwa ndani ya kitabu changu cha nyimbo. Nikapita njia ya karakana bila mwavuli, makusudi, maana ningerudi kuchukua mwavuli nisingetoka tena.

Niliwakuta chini ya bati, yeye na mke wake, Mama Grâce. Mashine ya kuchomelea imefunikwa gunia. Juu ya meza ya kazi, pale panapolazwa vyuma, kulikuwa na daftari jipya la shule na kalamu ya risasi. Mama Grâce alikuwa ameshika kidole cha mumewe, anakitembeza kwenye mstari. Aliponiona akataka kulificha daftari. Papa Honoré akamzuia.

"Acha. Ni Madame." Akatabasamu kwa aibu. "Niko najifunza tena, Madame. Kila siku, na Mama Grâce. Juu ya ile kosa. Sitaki irudie."

Ee Mungu wangu.

Nilikuwa nimepanga hotuba nzima kanisani. Nilikuwa na mwanzo, nilikuwa na machozi mahali pake. Yote yakapotea. Nikatoa karatasi nikaiweka juu ya daftari lake.

Aliitambua. Akajifuta mikono kwenye suruali, akaivuta karibu, na akaanza kusoma mwenyewe, kwa sauti, kidole chini ya kila neno. "We-ye... ni... mu-chi-mba-ji." Mvua ilikuwa inapiga bati na yeye akawa anaishinda kwa kupaza sauti. Nilisimama pale naloa mgongo, hata kiti sikukiona. Alifika kwenye maneno ya "ikala kwanza", akayasoma yote, akayapita. Alifika mwisho. Akarudi juu akasoma upya, polepole zaidi. Akageuza nyuma, ambako hakuna kitu. Akaigeuza tena.

"Kitambaa iko wapi?" Hakuniuliza mimi. Alimwuliza mke wake. "Siioni. Soma weye. Minye sijafika pa kujua."

Ukweli ulikuwa mikononi mwake na bado alikuwa anadhani macho yake ndiyo yanayokosea. Mimi ndiye niliyemfundisha kudhani hivyo.

Mama Grâce akaipitia karatasi kwa macho, haraka. Akainua uso akanitazama. Sijawahi kutazamwa vile na mtu.

"Haiko, Papa Honoré," nikasema. "Sikuiandika. Nilisahau. Na siku ileile nilijua kama nilisahau, nikasema ni weye."

Akasoma mara ya tatu, kimya, kidole kikitembea na midomo ikitembea, na mimi nikangoja. Alipofika mwisho akauliza, kwa sauti ndogo kama ya mwanafunzi aliyeitwa ubaoni:

"Kumbe nilisoma sawa?"

"Ulisoma sawa. Tangu siku ya kwanza."

"Yote?"

"Yote, Papa Honoré."

Mama Grâce akaanza kulia, akaenda kusimama kwenye mvua, akanipa mgongo. Papa Honoré hakulia. Akaikunja karatasi mara mbili, akaiweka kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo. Nikapiga magoti kwenye vumbi la vyuma nikamwomba msamaha.

"Ile utaniuliza siku ingine," akasema. "Leo hapana."

Ni haki yake. Nikainuka.

Halafu akaniambia itakavyokuwa. Kesho asubuhi mapema, kabla ya watu kutawanyika kwenda kiwandani na sokoni, pale kwenye kona. Atapita jioni hii kumwambia chef wa avenue. Dieumerci atamtoa mama yake nje akiwa amekaa kwenye kiti. "Weye utasema. Minye nitasimama tu."

Nikakubali. Nikamwambia nitaandika vizuri leo hii, nipange kila kitu, nitafute maneno ya taratibu ili Mama Feza asishtuke tena.

"Hapana, Madame." Ni mara ya kwanza nimemsikia akinikatalia kitu. "Usiandike. Uje useme."

Basi. Haya ninayoandika hapa ni yangu mwenyewe, na nitayatoa baada ya kesho, si kabla. Majirani wasisome kwenye simu kitu wanachopaswa kukisikia kinywani mwangu. Mkuu wa shule atapata habari kabla ya kengele ya darasa, mji huu ni mdogo. Labda kesho saa hizi sina kazi. Michezo yenyewe sijui kama nitatunga tena, na leo sina hata hamu ya kujua.

Naogopa. Nimewaandikia watu wengi cha kusema, mjane, mlevi, bibi harusi, mama wa watu. Kesho nitasimama mbele ya Mama Feza, na hakuna atakayeniandikia neno la kwanza.